Maswali na majibu: kutembea vilima vya Fort Portal

Tangu mvua zikatike, simu yangu haipumziki. Watu wanataka kujua kuhusu matembezi ya klabu yetu ya Jumamosi, huku Fort Portal, magharibi mwa Uganda: kilomita 10 hadi 15 kwa miguu, kupanda na kushuka vilima, kukata malisho ya ng'ombe, kupita vijijini. Nimechukua maswali ambayo naona yatawafaa wengi.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeona picha za nchi za nje, vilima vya mawe ya chokaa vyenye mapango na mito inayozama ardhini. Sisi Uganda tunavyo, au mpaka nipande ndege?" (Msomaji, Kasese)

Marahaba. Kama vile vya kwenye picha, hatuna. Ardhi ya namna hiyo huitwa karsti, jina lililotokana na eneo la Kras huko Slovenia, mpakani na Italia. Inataka mawe ya chokaa yaliyotanda mahali papana, na unene wa kutosha. Maji ya mvua yakipenya kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni, yakapata ukali kidogo, na ukali huo hula chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa pango, na siku moja dari la pango likibomoka, juu panabaki shimo. Ukitaka kuliona jambo hilo bila kutoka Afrika Mashariki, nenda Tanga ukatembelee mapango ya Amboni.

Lakini ndugu yangu wa Kasese, wewe mwenyewe unakaa jirani na chokaa. Mawe yanayochimbwa Hima kutengenezea saruji ni nini? Na huku Fort Portal kuna jambo ambalo ni wachache duniani wanaloweza kujivunia: volkano zetu zilirusha majivu na lava yenye chokaa. Volkano nyingi hazifanyi hivyo. Kwa hiyo maji yanayochuja kwenye mawe yetu yanafanya kazi ileile ya karsti, ila kwa kiasi kidogo.

Mahali pa kuiona kazi hiyo ni Amabere ga Nyinamwiru, karibu na Nyakasura, kilomita chache kutoka mjini. Jina lake maana yake ni matiti ya Nyinamwiru. Inasimuliwa kwamba mtawala mmoja, Bukuku, alimkata binti yake Nyinamwiru matiti ili asiolewe wala asizae, na binti huyo hata hivyo akamzaa Ndahura, mfalme wa Bachwezi, watawala wa kale katika hekaya za huku. Ukiingia chini ya mwamba, nyuma ya maporomoko, stalaktiti, yaani mawe membamba ya chokaa, zinaning'inia. Chagua moja utulie nayo. Tone linajikusanya nchani, lina weupe wa maji yaliyooshewa mchele. Linanenepa, linatetemeka, linadondoka. Pale lilipoachia hubaki chembe ya chokaa ambayo jicho haliwezi kuiona, na tone linalofuata linaongeza yake. Ndivyo jiwe lile lilivyofikia urefu wa mkono wako. Kwa hiyo nakuomba sana, usiliguse. Mafuta ya kidole yakilipaka, chokaa haishiki vizuri tena.

Kitu kingine: wageni wengi hudhani maziwa yetu ya duara, kama Saaka, Nkuruba na Nyinambuga (lile la kwenye noti ya shilingi 20,000), ni mashimo ya karsti. Sivyo. Ni kasoko, yaani mashimo ya volkano. Mawe ya moto yalikutana na maji chini ya ardhi, mvuke ukalipuka, shimo likajaa maji. Ndiyo maana kingo zake zinasimama wima hivi, na ndiyo maana miguu yako itauma kesho yake.

"Mimi nina simu yenye ramani nzuri. Kwa nini nilipe kiongozi wa njia?" (Kijana, Busia)

Mdogo wangu, swali hili nitalijibu kwa kirefu, maana hapa ndipo penye matembezi yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na watu 14, tukishuka kutoka ukingo wa ziwa moja la kasoko. Yule kiongozi wetu wa kijijini alikuwa na msiba siku ile. Nikasema nitafuata ramani ya simu, njia ninaijua. Ramani ilionyesha mstari ulionyooka hadi barabara ya vumbi. Tulipotokea nyuma ya migomba, mama mmoja mzee alikuwa amesimama na jembe, anatutazama. Njia ilikuwa imehamishwa msimu ule, na pale ilipokuwa zamani alikuwa amepanda maharage. Tulikuwa tumeshakanyaga mistari mitatu.

Hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuinua mche mmoja mmoja, akiushindilia udongo kwa kidole gumba. Nikainama naye, na wenzangu wote wakainama. Tulipofika katikati ya mstari wa pili ndipo aliponigeukia akauliza: "Empaako yaawe?" Nikamwambia, Araali. Uso wake ukafunguka. Akataka kujua ya kila mmoja wetu, na wale wasiokuwa nayo akawapa palepale, huku mikono iko udongoni. Mmoja aliondoka pale akiitwa Adyeri, na klabuni anaitwa hivyo mpaka leo.

Kwa wasioijua, empaako ni jina la heshima na mapenzi ambalo Batooro, wenyeji wa huku, na majirani zao humwongezea mtu juu ya majina yake mengine. Yako 12, na moja, Okaali, huwa la mfalme. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Huku salamu bila empaako ni salamu nusu. Kiongozi wa kijijini anajua empaako ya kila nyumba, anajua nani amefiwa wiki hii, nani amepanda wapi, ng'ombe gani mkali, daraja gani la magogo limeoza. Mambo hayo hayako kwenye simu, na hata yakiandikwa leo, mwezi ujao yatakuwa yamebadilika.

Halafu kuna hela yenyewe. Mtu anayeishi kwenye ukingo wa kasoko anaona magari ya watalii kila wiki yakipita na kurudi. Unapomlipa kijana wa pale, na kununua chai kwa dada wa pale, ndipo wenyeji wanapoona faida ya kuacha miti ya ukingoni isimame. Mfano mzuri ni Bigodi, pembeni ya msitu wa Kibale. Tangu 1992 wanakijiji wenyewe, kupitia chama chao cha KAFRED, wanaongoza wageni kwenye kinamasi chao, na mapato yanarudi kijijini.

Patana bei kabla ya kuanza, tena mbele ya wenzako wote. Na ndani ya hifadhi ya Kibale huna hiari: unaingia na kibali na askari wa wanyamapori, kwa sababu mle mna tembo.

"Sijawahi kupanda kilima tangu shule. Nivae viatu gani? Rafiki yangu anasema kutembea pekupeku ndiyo afya." (Dada wa ofisini, Kampala)

Raba zenye meno zinatosha, si lazima buti za bei kubwa. Zisiwe mpya siku ya safari. Zivae kazini wiki mbili kwanza. Soksi ndefu, uziingizie suruali ndani, maana siafu hawabishi hodi. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, wenyeji wenyewe wanavaa gambuti, nawe usione aibu kuzivaa.

Pekupeku nakukatalia. Mwaka 2015 wilayani Kamwenge, jirani zetu, watafiti walikuta watu wengi wenye miguu iliyovimba, wakadhani ni matende ya mbu. Haikuwa matende ya mbu. Ilikuwa podokoniosisi, ugonjwa unaotokana na kukanyaga udongo wa volkano bila viatu miaka na miaka. Chembechembe za udongo huingia kwenye ngozi na kuharibu mishipa ya limfu. Siku moja ya matembezi haitakuletea ugonjwa huo. Ila ukiwa umelielewa jambo hili, utamtazama kwa jicho jingine yule mkulima anayekuelekeza njia akiwa hana viatu. Ugonjwa huo unazuilika kwa viatu na kwa kuosha miguu kwa sabuni, basi. Klabuni kwetu kila anayenunua raba mpya huleta zile za zamani zikiwa bado nzima, zimefuliwa, na tunamkabidhi kiongozi wa kijiji. Yeye ndiye anayejua ziende kwa nani.

"Mimi ni muuguzi. Mnawaingiza watu mapangoni? Na popo je?" (Msomaji, Mbarara)

Ahsante kwa kuuliza, dada, maana wengi hawaulizi. Pango lenye popo hatuingii. Popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaobeba virusi vya Marburg, homa kali inayoua. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua katika mgodi wa Kitaka hapa magharibi, na 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo. Aliingia kutazama tu, kama anavyoingia mtalii yeyote. Siku hizi pale watu huwatazama popo kutoka mbali, kwenye kibanda maalumu.

Amabere tunasimama chini ya mwamba ulio wazi. Ukiwa njiani ukaona tundu lenye harufu kali na kinyesi cheusi sakafuni, geuka. Kijana wa kijijini akikwambia kaka yake huingia kila siku, mshukuru, halafu ugeuke.

"Maji ya yale maziwa yanavutia. Tunaweza kuogelea?" (Wanafunzi wawili, Mubende)

Sisi hatuogelei. Kichocho kimepatikana kwenye baadhi ya maziwa ya kasoko, na konokono wake hukaa pale pale ukingoni kwenye majani, mahali unapoingilia. Isitoshe, kasoko halina ufuo wa kuzoea maji taratibu. Hatua mbili tatu, na chini hakuna kitu.

"Nina watoto wa miaka 7 na 10. Nije nao?" (Mama, Jinja)

Njoo nao. Tuna njia fupi ya malishoni, kama kilomita 5, haina miteremko mikali. Wabebee maji, ndizi na sweta, kwani Fort Portal iko juu, karibu mita 1,500, na asubuhi ni baridi. Wafundishe jambo moja kabla: lango la fito mkilikuta limefungwa, mpite na mlifunge tena. Ndama mmoja akitoka usiku, mwenye mifugo hatataka tupite tena kwake, na ana haki.

"Huku kwetu Mbale tuna mapango ya Sipi na njia za Mlima Elgon. Nayo ni karsti? Na mnaweza kutuletea klabu?" (Mzee mstaafu, Mbale)

Shikamoo mzee wangu. Mapango ya Elgon si ya chokaa. Yamechimbika kwenye majivu ya volkano yaliyogandamana. Wasabiny, wenyeji wa mlima huo, waliishi humo na mifugo yao, na ng'ombe wakalamba chumvi ukutani. Historia hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu apande, hata bila stalaktiti.

Kuja tutakuja, ila kiangazi. Milima yenu ina udongo mzito na miteremko iliyolimwa hadi juu. Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, Bududa, ikafunika watu kwa mamia. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, sitawapitisha watu chini ya mteremko wa huko, hata kama wamelipa nauli kutoka huku. Kwa hiyo nakuomba, mzee, Desemba ikifika tupigie, na ututafutie kijana wa pale pale Sipi atuongoze. Usitutafutie kampuni ya mjini.

"Je, njiani kuna nafasi ya kuswali? Na chakula cha mchana ni kipi?" (Msomaji, Hoima)

Adhuhuri tunasimama. Watu wengi klabuni ni Waislamu, na wasio Waislamu hupumzisha miguu wakati huo. Maji ya udhu beba chupa ya ziada, usitegemee ziwa.

Chakula tunakula kwa mama mmoja kijijini, tunampigia simu siku ya Alhamisi ili aloweke maharage. Ni firinda, maharage yaliyomenywa ganda na kupondwa hadi yakawa laini, yanatiwa samli, yanaliwa na karo, yaani ugali wa ulezi, unaotoka motoni ndani ya kikapu chake. Hakuna nyama, hivyo usiwe na wasiwasi wa kuchinja. Nawa mikono, na ukiulizwa empaako kabla ya sahani kufika, uwe nayo tayari. Kama huna, sema huna. Utapewa.