Namba ya noti ya zamani, mimi nimeacha kuificha

Mkuu umeuliza kama zile noti alizoacha babu yako, ya shilingi 10 ya 1966 na ile ya rupia moja ya Mjerumani, ufute namba kabla ya kuposti picha. Wengi wamekwambia ficha. Mimi nakwambia usifiche, na nina sababu.

Zamani nilikuwa naficha. Ninayo hiyo hiyo ya shilingi 10, ya kijani, Mwalimu mbele mkonge nyuma, bibi yangu wa Korogwe aliikunja mara nne akaifunga kwenye kitambaa miaka yote hiyo, kwa hiyo ina mikunjo ya msalaba na kona moja imeliwa na mende. Nikaipiga picha nimeweka kidole gumba juu ya namba, nikaposti. Miezi kama minne baadaye jamaa wa Mwanza ananifuata inboksi na hasira zote, tapeli wewe, nirudishie laki na nusu yangu. Kumbe kuna mtu kachukua picha yangu kaikata pale penye kidole na kauza noti ambayo hana. Jamaa alipomwomba namba akajibiwa "nimeificha kwa usalama", akaona sawa tu maana si ndivyo kila mtu anafanya. Usiku ule ilibidi nimpigie video, nikaweka noti juu ya gazeti la siku hiyo, nikainyanyua kwenye taa aone kichwa cha twiga kilichofichwa ndani ya karatasi na ile kona iliyoliwa, ndipo akapoa. Hela yake haikurudi na mpaka leo inaniuma, kwa sababu kidole changu ndicho kilichompa tapeli kisingizio.

Fikiria na wizi wa kawaida. Ukiibiwa albamu ya noti utaenda kituoni useme nini, noti ya kijani ya Nyerere? Ziko nyingi zinafanana, namba ndiyo inasema hii ni yangu. Na mnunuzi wa kweli anaitaka, maana kuna noti bei yake iko kwenye namba yenyewe, kama zile zenye namba 000001 au za Marekani zenye nyota mwishoni, ambazo zilichapwa kuziba nafasi ya zilizoharibika.

Sasa kitu cha kuficha ni namba ya cheti. Kama noti imeshapimwa na PMG, ile kampuni ya Marekani inayokagua noti na kuzipa daraja, na iko kwenye lile kava lao la plastiki, ile lebo ya juu ina namba yake na msimbo wa kuskani, na matapeli wanatengeneza kava feki wanabandika namba ya cheti cha kweli, mnunuzi akiingia kwenye tovuti yao kuhakiki anakuta iko sawa kabisa. Hiyo ziba, halafu mpe mtu binafsi mkiwa mmeshaelewana. Na vitu kama simu usithubutu kuonyesha IMEI, ile namba ya kuitambulisha simu, hata siku moja, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Ukiamua kuziba namba yoyote, ziba kwa kipande cha karatasi kabla hujapiga picha. Ile kalamu nyeusi ya kwenye simu mara nyingi ni kama wino mwepesi, mtu akiongeza mwanga namba inarudi yote, nimejaribu mwenyewe kwenye simu ya mdogo wangu ikatoka herufi kwa herufi. Halafu kwenye noti nyingi namba iko sehemu mbili, watu wanaziba ya juu wanasahau ya chini. Na zima lokesheni ya kamera, kwako pasijulikane.

Mimi siku hizi naweka pembeni ya noti kikaratasi chenye jina ninalotumia na tarehe, kinagusa noti kidogo ili tapeli asiweze kukikata bila kukata noti, na namba zote nimeandika kwenye daftari analo dada yangu, maana simu nayo inaibiwa.

Hiyo rupia yako kama ni ya 1916, hizo Mjerumani alizichapa huku huku vita vilipomfungia njia ya bahari, na zina matoleo mengi yanayotofautishwa na herufi iliyo karibu na namba. Ukiificha hakuna atakayeweza kukwambia una ipi. Usiifute vumbi kwa maji wala usiipige pasi, iweke karibu na dirisha asubuhi, piga picha pande zote mbili, halafu weka hapa niitazame hiyo herufi.