Kindle kwa ajili ya vitabu vya kale vya bure: yafaa?

Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, yafaa, ila uwe msomaji wa kila siku. Kama ni kitabu kimoja kwa mwezi, simu yatosha. Mimi ninayo ya mtumba, naisomea pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, jua la saa nane na herufi zaonekana kama za karatasi, maana kioo chake ni cha wino wa kielektroniki, hakimeremeti. Simu hapo waona uso wako tu. Chaji hukaa wiki kadhaa, kwa hivyo stima ikipotea hainishughulishi. Vitabu navitoa Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni: vipo zaidi ya 70,000, kina Dickens, Austen na Tolstoy, na hulipi hata shilingi. Chukua faili za EPUB, aina ya faili za vitabu vya kielektroniki. Kindle huzipokea ukizituma mtandaoni kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon; Kobo, kifaa kama Kindle cha kampuni nyingine, waziingiza kwa waya moja kwa moja. Lakini vya Kiswahili humo ni vya kuhesabu, dukani bado utapita. Na kama wasoma sana PDF zilizopigwa skani, ile ya inchi 6 iache, herufi huwa kama mayai ya chawa.