Re: Wakufunzi wamehudhuria warsha ya elimu jumuishi, lakini darasani hakuna kilichobadilika

Pole ndugu mratibu. Warsha ya siku moja, posho zikasainiwa, na wanafunzi wako viziwi na yule mwenye uoni hafifu bado wanaachwa nyuma. Ni kawaida, wala si ukaidi wa wakufunzi: walifundishwa sera na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, hawakuonyeshwa cha kufanya kipindi kikianza.

Mimi ningeanza na wakufunzi wawili au watatu walio tayari. Waingie kwenye vipindi vya wenzao, kisha wazungumze kwa chai, bila fomu. (Fomu ikiingia tu, watu wanaigiza.) Waanze na madogo: kutozungumza huku umegeukia ubao, kusoma kwa sauti kila unachoandika, kumpa mkalimani wa lugha ya alama notsi siku moja kabla ili istilahi zisimkute njiani, na kuchapa mitihani kwa herufi kubwa. Ukubwa wenyewe muulize mwanafunzi, usikisie.

Angalizo: usimsimamishe mwanafunzi mbele ya wakufunzi kama mfano, na taarifa zake za afya zisizagae ofisini.

Mkalimani asiwe mwanafunzi mwenzake. Huyo naye ana masomo yake. Kwa nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole) au kupima mahitaji ya mwanafunzi, tafuta mtaalamu. Waandikie Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, wanaoandaa walimu wa elimu maalumu. Na mkuu wa chuo aweke fungu la mkalimani kwenye bajeti mapema.