Ukifungua daftari, anza na madeni

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuwapangia hesabu wanandoa wanaoachana, karibu Moshi. Wengi mnatoka chuoni na uhasibu wenu mkiamini kazi ni kuorodhesha mali na kugawa kwa mbili. Nami nilianza hivyo. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu. Nilimwandikia orodha nzuri: nyumba ya Pasua, shamba la mahindi, pikipiki, hisa za SACCOS. Madeni sikumuuliza. Haukupita muda mrefu akarudi analia. Mume alikuwa na mkopo wa mshahara uliomalizia paa, yeye mwenyewe alikopa kwenye kikoba kulipa ada, na makubaliano yao hayakutaja nani anamalizia marejesho. Wenzake wa kikoba walikuwa wameshafika kuchukua makochi. Tangu siku hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni wa madeni, na kila deni naliuliza: limekopwa lini, limefanya nini, dhamana ni nini, nani kaweka sahihi.

Swali la "limefanya nini" usiliruke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na pia madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili. Deni la ada na deni la kubeti hayakai safu moja.

Kuhusu mchango, utakutana na mama anayekwambia, "Mimi sikuwa na kitu, pesa ilikuwa yake." Mrudishe nyuma taratibu. Nani alisimamia mafundi baba akiwa safarini? Nani alichota maji ya kuchanganyia zege? Ng'ombe wa maziwa alikuwa anakamuliwa na nani, na hela ya maziwa ilinunua nini? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Andika yote, kisha tafuta ushahidi: risiti za saruji, miamala ya simu, fundi aliye tayari kusema. Ila usimwahidi mtu nusu. Mgawo unategemea kilichothibitishwa, na ahadi yako ikishindwa, anayeumia ni yeye.

Sasa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga ambalo familia inaishi humo humo. Hapa ndipo wageni wa kazi hii mnapokwama, hasa mliokulia mjini. Wanandoa wamejenga nyumba ya vyumba vinne Kibosho, katikati ya migomba, kwenye ardhi ambayo mume alipewa na baba yake, na babu amezikwa hatua chache kutoka jikoni. Ukoo hautakubali iuzwe, na mama akipewa upande mmoja wa nyumba ile hataishi kwa amani. Basi wengine humwambia hana chake. Si kweli. Kifungu kile kile cha 114 kinagusa hata mali ambayo mmoja aliipata kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Kwa hiyo tenganisha ardhi na kilichojengwa juu yake. Mlete mthamini aipe nyumba thamani, kisha mjadili fidia ya fedha. Ikilipwa kwa awamu, kila awamu iwe na tarehe, kiasi na njia ya malipo, na pande zote mbili zipeleke makubaliano kwa mawakili ili yasajiliwe mahakamani. Maneno ya kikao cha ukoo peke yake nimeona yakisahaulika kabla ya mavuno.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa linatangulia mahakama, hilo watakufundisha mawakili, na mipaka yako na yao iheshimu. Lakini ukisikia tu kwamba mmoja anatafuta mnunuzi wa nyumba wanayoishi, mpeleke mwenzake kwa wakili siku hiyo hiyo. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na lipo zuio linaloweza kuwekwa.

Halafu wapangie bajeti mbili, kila mmoja peke yake: kodi, chakula, nauli, ada ya Januari. Mshahara uliotosha nyumba moja sasa unalisha mbili. Nimewahi kukaa na baba aliyeng'ang'ania nyumba kubwa mpaka alipoona kwa namba kwamba hawezi kumlipa mwenzake sehemu yake na kusomesha watoto kwa wakati mmoja. Alinyamaza muda mrefu, akaomba kalamu, akaanza kukata mistari mwenyewe.

Kabla hujafunga faili, waulize fomu zao za SACCOS, bima na mfuko wa pensheni zimemwandika nani kuwa mnufaika. Wengi watakuwa hawajazigusa tangu mwaka wa harusi.