Wasomaji Wauliza: Maranda, Kostiki na Haidrojeni

Toleo lililopita tuligusia haidrojeni inayotolewa kwenye tungamotaka, yaani maranda, pumba, vifuu na mabaki mengine ya mimea, huku hewa ukaa (kaboni dioksidi) ikinaswa isiende angani. Barua zimekuwa nyingi. Tunajibu nne.

SWALI: Nina karakana ya samani. Maranda yanajaa kila siku na mengi tunayachoma tu. Kilo 100 zinaweza kutoa haidrojeni kiasi gani, na hiyo hewa ukaa ni kiasi gani?
Fundi seremala, Keko

JIBU: Mti mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Haidrojeni ni asilimia 6 hivi na inayobaki karibu yote ni oksijeni. Kwa hiyo kilo 100 za maranda yako zina kilo 6 tu za haidrojeni. Inayozidi hapo hutoka kwenye maji: kaboni iliyo ndani ya moto inanyang'anya mvuke oksijeni yake, haidrojeni inabaki huru. Kwa hesabu ya karatasi unafika karibu kilo 17. Mtambo halisi, ukiendeshwa vizuri, hutoa kilo 7 hadi 10.

Hewa ukaa ndiyo inayowashangaza wengi. Kilo 50 za kaboni zikigeuka zote, zinakuwa kilo 183 za hewa ukaa. Mzigo unaotoka ni mkubwa kuliko ulioingia, kwa sababu umebeba oksijeni ya maji.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye ukavu. Unyevu uwe chini ya asilimia 15. Maranda yaliyonyeshewa na masika yatakula joto kukausha maji badala ya kutoa gesi. Kisha yapashwe kwa mvuke kwenye nyuzi 800 hivi bila kuruhusu hewa ya kawaida iingie. Hapa ndipo mitambo midogo ya kienyeji inapoharibu: ukipuliza hewa kwa feni, karibu nusu ya gesi yako ni naitrojeni, na kuitenga baadaye ni gharama tupu. Mtambo wa Güssing, Austria, ulikwepa hilo kwa vyumba viwili. Kimoja kilichoma mkaa na kupasha mchanga, mchanga wa moto ukaingia chumba cha pili kulikokuwa na mvuke na vipande vya mbao. Gesi yake ilikuwa na haidrojeni karibu asilimia 40.

Gesi ikitoka bado ina lami, na lami ikipoa chini ya nyuzi 350 huganda kwenye mabomba hadi yazibe. Isafishwe kwanza. Halafu kaboni monoksidi inakutanishwa na mvuke tena juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa, cha chuma na kromi, nyuzi 350 hadi 450, kisha cha shaba na zinki kwenye nyuzi 200 na kidogo. Hapo inageuka hewa ukaa na haidrojeni zaidi. Kichocheo cha shaba hufa haraka kikiguswa na salfa. Mwisho hewa ukaa inanyonywa na haidrojeni inachujwa. Kaboni monoksidi inayotembea humo katikati ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, kwa hiyo si kazi ya uani.

SWALI: Shikamooni. Natengeneza sabuni. Nimeambiwa ukipika maranda na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, unapata haidrojeni na hewa ukaa haitoki kabisa. Kama ni kweli, mbona hawafanyi hivyo kila mahali?
Mtengeneza sabuni, Temeke

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na kikemia ni jambo zuri sana. Gramu 162 za selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mti, gramu 480 za kostiki na gramu 18 za maji hutoa gramu 24 za haidrojeni na gramu 636 za sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi ya Ziwa Natron. Kaboni yote imefungwa ndani ya chumvi hiyo. Tena malighafi haihitaji kukaushwa sana, hivyo hata mwani au maganda ya ndizi yanafaa.

Unga uwe laini, joto liwe nyuzi 300 hadi 500, na kuwe na kichocheo cha nikeli. Bila nikeli kazi inaishia njiani na kubakiza chumvi kama za asidi ya oksaliki. Viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 vilitengeneza asidi hiyo hasa kwa kupika maranda na alkali. Chombo nacho ni mtihani. Kostiki huyeyuka kwenye nyuzi 320 hivi na ikishayeyuka inakula kioo na kuutafuna hata chuma cha pua. Sufuria ya alumini, unajua mwenyewe: inatoboka huku ikitoa haidrojeni hata bila maranda.

Sasa hesabu. Kilo moja ya haidrojeni inataka karibu kilo 7 za selulosi na kilo 20 za kostiki. Kostiki hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, uniti 2 hadi 2.5 kwa kilo. Hizo ni uniti 40 hadi 50. Ukipasua maji moja kwa moja kwa umeme, kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 hadi 55. Umezunguka mbuyu ukarudi palepale! Na kile kiwanda cha kostiki kilikuwa tayari kimetoa nusu kilo ya haidrojeni wakati kinakutengenezea zile kilo 20.

Njia ya kuokoka ni kuirudisha kostiki. Magadi yakichanganywa na chokaa iliyozimwa ndani ya maji, kostiki inarudi na kalisi kaboneti inatuama chini. Lakini ili upate chokaa tena lazima uichome hiyo kalisi kwenye nyuzi 900, na hapo hewa ukaa yote inatoka. Faida ni kwamba inatoka sehemu moja, na tanuri likipashwa kwa umeme inatoka ikiwa safi, rahisi kunaswa. Anayekuambia haitoki kabisa hajafika kwenye tanuri la chokaa.

SWALI: Haidrojeni naweza kuiweka kwenye mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15?
Mama lishe, Mbagala

JIBU: Hapana, mama. Kwa presha ya baa 10, mtungi huo ungebeba gramu 28 hivi, joto sawa na gramu 70 na ushee za gesi unayoijua. Hutamaliza sufuria ya maharage. Vali yake haikutengenezwa kwa haidrojeni, na ikivuja inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, kwa moto ambao mchana hauonekani.

SWALI: Hewa ukaa ikishanaswa inakwenda wapi?
Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Ukiwauzia wenye soda, inarudi angani siku chupa inapofunguliwa. Kuizika kwa kudumu kunataka miamba yenye vinyweleo kina cha zaidi ya mita 800, juu yake pawe na mwamba usiopitisha, au basalti, mwamba wa volkano, inayoigeuza jiwe kama wafanyavyo Iceland.

Fundi wa Keko ana njia fupi zaidi, ingawa haitampa haidrojeni ya kuuza. Maranda makavu kilo 100 yakipashwa kwenye nyuzi 500 bila hewa hubakiza kama kilo 25 za mkaa, zenye kaboni kilo 20. Ukichanganywa na mbolea na kufukiwa shambani, kaboni hiyo haina haraka ya kurudi. Tenga maranda ya MDF (mbao za unga wa mti ulioshikizwa kwa gundi) na ya mbao zilizopakwa rangi, hayo yasiende shambani. Na mkaa umwagie maji mpaka upoe hadi ndani kabla ya kuutia kwenye viroba, maana ukifungwa ungali na joto huweza kuwaka wenyewe usiku.