Mustang ya 1966 kwa anayeanza kuendesha?

Kaka, umeuliza kama umnunulie kijana wako wa miaka 18 Mustang ya 1966, ile ya Ford, iwe gari lake la kwanza huko Ohio, Marekani. Kama ni la kwendea kazini kila siku, mimi nasema hapana. Na magari hayo nayapenda mno, injini yake ya V8 (silinda nane) ya lita 4.7 ikinguruma nasimama kuisikiliza.

Shida kubwa ni breki. Nyingi za mwaka ule zina breki za ngoma mbele na nyuma, na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni ya njia moja tu kwa magurudumu yote. Paipu ikipasuka popote, pedali inazama hadi chini na magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Njia mbili zilikuja na toleo la 1967. Mkanda ni wa kiunoni, eabegi hakuna, na shafti ya usukani haikutengenezwa kujikunja gari likigonga. Imemwelekea dereva kifuani. Anayeanza lazima atakosea, wote tulikosea.

Asubuhi ya baridi nayo kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inataka kubembelezwa: kanyaga mafuta, washa, subiri ipate moto. Akichelewa kazini atakulaumu wewe. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu wakati wa baridi itamaliza bodi kwa kutu.

Mtafutie Toyota Corolla iliyotumika yenye ABS, breki zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla. Mustang kama roho imeshaipenda, inunue iwe yako, Jumamosi muifungue pamoja ajifunze kubadilisha plagi na shuu za breki.