Chui milia wa Blake ni shetani?

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Kirumba hapa Mwanza, tunasoma shairi la William Blake la chui milia, la 1794. Wenzangu wanasema huyo mnyama ni shetani, kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikimbilie shetani, Blake mwenyewe hajajibu, shairi zima ni maswali matupu, na lililo zito ni hili, je aliyemuumba mwanakondoo ndo huyohuyo kamuumba chui? Sasa mtazame mamba wa hapa ziwani halafu ujiulize hivyohivyo, utaona ugumu wake. Muumba kachorwa kama mhunzi, ana nyundo, tanuru na fuawe, mi hapo ndo naona utamu wote maana chui anatisha na bado anapendeza. Mwanakondoo ana shairi lake la 1789, lisome kwanza. Hao wenzako waulize mstari gani umesema shetani.